Sifuri Katika Jedwali la Visima

Jumamosi, usiku. Nimemaliza wiki ya 14 ya masomo ya sayansi ya data, nikiwa na umri wa miaka 49, baada ya kutumikia vijiji vya Kagera kwa miaka 21 kama afisa maendeleo ya jamii. Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu: kuunda kamati za maji, kusuluhisha ugomvi wa michango, kumsikiliza mama anayeeleza kwa nini siku hizi anateka mtoni ilhali kisima kipo jirani. Hesabu nilizozizoea ni zile za daftari la mweka hazina. Ndiyo maana wiki za mwanzo za kujifunza Python, lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, ziliniumiza sana, kwa sababu nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari ilitosha kuisimamisha programu nzima, na mara mbili niliifunga kompyuta nikiwa na machozi.

Kilichonirudisha ni jedwali moja. Mwalimu wetu, kijana anayelingana na mwanangu wa kwanza, ambaye huniamkia shikamoo kabla ya kunisahihisha, alitupa data ya vituo vya maji vya Tanzania, iliyokusanywa kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 2011 na 2013, ambayo wanafunzi wa fani hii katika nchi nyingi huifanyia mazoezi. Ina vituo 59,400, na kati ya hivyo 32,259 vinafanya kazi, 22,824 havifanyi kazi, na 4,317 vinafanya kazi lakini vinahitaji matengenezo. Tulitakiwa kuifundisha kompyuta ikisie hali ya kituo kutokana na sifa zake, kama vile aina ya pampu, wingi wa maji, mfadhili, mwaka wa ujenzi na namna wananchi wanavyolipia.

Nilipochora ramani, vituo zaidi ya 1,800 viliangukia katika Bahari ya Atlantiki, kwenye Ghuba ya Guinea, ingawa jedwali lenyewe lilisema viko Mwanza na Shinyanga. Longitudo yake ilikuwa imeandikwa sifuri. Nikaenda kwenye safu ya mwaka wa ujenzi, nikakuta sifuri zaidi ya 20,000, nyingi kiasi kwamba ukitafuta wastani bila kuziondoa utaambiwa visima hivi vilijengwa yapata mwaka 1300. Wanafunzi wenzangu waliziona mara moja, wakaziba kwa mwaka wa katikati, wakasonga mbele. Mimi sikuweza kusonga mbele, kwa kuwa sifuri ile naijua. Nimejaza fomu za namna hiyo nikiwa nimekaa chini ya mwembe, mzee mmoja akisema kisima kilichimbwa mwaka wa mvua za El Niño, mwenzake akimkatalia kwamba kilikuwapo tangu watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na fomu haina mahali pa kuandika mabishano hayo. Jua linazama, gari linasubiri, unaandika sifuri. Wakati ule sikufikiri kwamba siku moja mtu angeisoma kama tarakimu.

Kwa hiyo sikuziba. Niliongeza safu mpya inayosema tu iwapo mwaka unajulikana au haujulikani, kwa sababu kisima ambacho hakuna anayekumbuka kilijengwa lini huenda pia hakina mwenye kukitunza. Kisha nikatumia mbinu inayopanda miti mingi ya maamuzi, kila mmoja ukiwa mfululizo wa maswali unaoishia kwenye jibu, na kuiachia ipige kura. Ilipatia vituo 79 katika kila 100. Nilifurahi mno, nikampigia dada yangu simu.

Furaha hiyo ilipungua nilipotazama kundi moja moja. Katika vituo vinavyohitaji matengenezo, kompyuta ilivitambua takribani theluthi moja tu, na vingi vya vilivyobaki ikavihesabu kuwa vizima. Mwalimu alieleza kwamba kundi hilo ni dogo, hivyo mbinu hupata alama nzuri hata ikilipuuza. Maelezo hayo nimeyaelewa, lakini moyo wangu haujatulia, maana kundi hilo dogo ndilo lililokuwa kazi yangu yote. Mpini umekuwa mzito, maji yanachelewa kupanda, fundi wa kijiji anajua ni mpira tu uliochakaa, na kamati haina akiba kwa kuwa walikubaliana kuchanga pale tu mradi utakapoharibika. Hapo ndipo kisima huokolewa au hupotea. Jumatatu nitaomba nifundishwe jinsi ya kuyapa makosa ya kundi hili uzito mkubwa zaidi.

Jambo la mwisho kabla sijalala. Tuliambiwa tufute safu ya majina ya vituo, kwa kuwa majina ni mengi mno na hayaifai kompyuta. Sijaifuta. Vituo zaidi ya 1,700 vinaitwa Shuleni, mamia vinaitwa Zahanati, vingine Msikitini na Kanisani, na vingi mno vinaanza na Kwa, kisha jina la mtu. Bomba lililo kwa mtu huwa na jicho linalolitazama usiku. Nimeanza kuyapanga majina hayo katika makundi kwa mkono, na usiku huu nimefika kituo cha 640.