Hukumu Iliyoahirishwa Mara Saba, na Barua Zangu Mbili

"Shemeji, ukimlalamikia hakimu, kesi umeizika mwenyewe." Ndivyo nilivyoonywa, tena na mtu ambaye hajawahi kufika mahakamani hata kama shahidi. Wakati huo hukumu yangu ilikuwa imeahirishwa mara saba. Kila tarehe karani anatoka, anasema haijawa tayari, tunatawanyika.

Barua ya kwanza kwa tume inayosimamia maadili ya mahakimu niliikeshea. Kurasa tisa! Nilijiona wakili. Nikaeleza shahidi wangu wa pili alivyodharauliwa, nikaandika kwamba hakimu "ni wazi amekula", nikafunga kwa aya ya maandiko. Mke wangu alipoisoma aliguna tu; ningemwelewa mapema ningeokoa miezi. Jibu lilikuwa na mistari minne: kama sikubaliani na uamuzi wowote wa hakimu, nikate rufaa, kama nadai rushwa, nilete ushahidi. Nilinuna wiki nzima, maana walisema kweli. Tume haitengui uamuzi wa mahakama, inachunguza mwenendo wa anayeutoa.

Basi nikaenda masijala kuomba nakala ya mwenendo wa kesi. Hela ya kopi haikuwa kitu, nauli za kwenda na kurudi ndizo zilizoniumiza. Kumbe mle ndani kila ahirisho limeandikwa kwa mkono wa hakimu mwenyewe! Nikachora jedwali: tarehe, sababu iliyoandikwa, nani alitangaza. Mara tano hakuna sababu yoyote. Safu hiyo nikaiacha tupu, wazi kama pengo la jino, bila kuongeza hata neno "kwa masikitiko". Juu yake nikaweka sentensi moja: Kanuni za Bangalore, zile za kimataifa za mwenendo wa majaji, zilizokamilishwa The Hague mwaka 2002, zinataka hukumu itolewe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Shemeji akauliza Bangalore inatuhusu nini. Sikumjibu.

Barua ya pili ikawa ukurasa mmoja, basi. Na safari hii nakala yangu niligongewa muhuri wa kupokelewa. Ile ya kwanza sikuwa nao, na kabla jibu halijaja kila nikiulizia naambiwa haionekani.

Hakimu akatakiwa kujieleza. Hukumu ikasomwa kabla mwezi haujaisha. Nimeshinda nusu, nusu nyingine nimekatia rufaa, na shemeji ameshaniletea faili lake la mirathi nimchoree jedwali.