Nilivyootesha uyoga kikombe kwa kinyesi cha ng'ombe

Nafundisha biolojia sekondari hapa Mwanza, na kwa miaka mingi mada ya kuvu ilikuwa ikiniacha na kiu. Tunasoma hamira, tunaacha mkate uote ukungu, tunachora, tunahamia mada nyingine. Uyoga kikombe haumo, ilhali kwa mtu anayetaka kuona kuvu inavyozaa, huo ndio wenyewe: sehemu yake ya uzazi iko wazi ndani ya kikombe, na kila kifuko kina mbegu unazoweza kuzihesabu kwa macho yako. Kinachowakatisha watu tamaa ni picha. Ukizitafuta unaletewa Cookeina, vikombe vya rangi ya chungwa au waridi vilivyoota kwenye magogo ya misitu minyevu ya tropiki. Sisi tuna majabali, nyasi na ng'ombe. Nikaamua kuanza na ng'ombe.

Ipo jenasi ya uyoga kikombe iitwayo Ascobolus, ambayo spishi zake nyingi huishi kwenye kinyesi cha wanyama walao majani. Vikombe vyake ni vya milimita chache tu, mpita njia havioni. Lakini kazi inayofanyika ndani yake ni ileile ya vikombe vikubwa vya msituni.

Upande wa Buhongwa kuna mzee mfugaji ambaye ng'ombe wake wanachungwa kutwa, hawalishwi pumba bandani. Nilimchagua kwa sababu hiyo hasa: spora, yaani mbegu za kuvu, hunata kwenye majani ya malisho, kwa hiyo ng'ombe asiyetoka hana cha kukuletea. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba," akaitikia, nikamweleza shida yangu.

"Mavi ya ng'ombe? Ya bustani, mwalimu?"

"Hapana, baba. Nataka kuotesha uyoga, wanafunzi wauone."

"Uyoga wa kula?"

"Wa kutazama tu."

Akanionyesha yale ya jana yake, yaliyokwisha kukauka juu, akisema mabichi yatanitesa kwenye daladala. Ushauri ulikuwa mzuri hata kwa kazi yenyewe, maana kinyesi kilichopungua maji huoza kwa utaratibu zaidi.

Vifaa ni vya nyumbani: chupa pana ya kioo yenye mfuniko, tishu za kutandika chini, maji ya kulowanisha bila kutuama, na kipande cha kinyesi kinachoenea kiganjani. Mfuniko nauacha umelegea ili hewa ipite. Chupa inakaa karibu na dirisha ambapo jua haliipigi moja kwa moja, kwa kuwa jua letu la mchana likipita kwenye kioo huunguza kila kilichomo. Glovu ni lazima, sabuni ni lazima, na shughuli yote hiyo iwe mbali na jiko.

Baada ya hapo ni subira, na kujua nani anatangulia. Siku za mwanzo hutokea Pilobolus, vijiti vyembamba vinavyong'aa, kila kimoja na kofia nyeusi kichwani. Inavutia sana, na wanafunzi huishangilia wakidhani ndiyo yenyewe, lakini ni ukoo mwingine kabisa. Inaponyauka ndipo vikombe vinapoanza, kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Mwishoni kabisa huja vijiuyoga vya mwavuli, na hapo ujue zamu ya vikombe inakwisha.

Kikombe cha Ascobolus huanza kama kijidonge kilichofumba, rangi ya manjano inayoelekea kijani. Kisha kinafunguka na kuwa kisahani. Shika lenzi ya mkono hapo, usiondoke. Siku vifuko vinapokomaa, uso wa kisahani unajaa vidoa vya zambarau iliyokolea karibu na weusi, na ukiinamisha chupa pembeni unaona vidoa hivyo havikulala, vimejitokeza juu ya uso. Kila kidoa ni ncha ya kifuko kimoja kilichorefuka kuwapita wenzake, kimejaa maji na spora, kinasubiri. Kesho yake baadhi yao hawapo. Vimekwisha kufyatua na kurudi chini.

Kuzinasa spora ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Niliegemeza slaidi ya kioo ndani ya chupa, kati ya vikombe na dirisha, nikaiacha usiku kucha na asubuhi yake. Nilipoiweka chini ya hadubini ya maabara, kwa ukuzaji wa mara 400, zilikuwepo: spora za mviringo mrefu, zambarau, zenye mistari kwenye ganda, zimeshikana kwa utelezi wake. Nilihesabu kundi la kwanza nikapata nane. La pili nane. Nikaita darasa zima, na hadi kengele ya mapumziko hakuna aliyetoka.

Kwa nini nane? Hapa ndipo napenda kukaa. Nyuzi mbili za kuvu zenye jinsia tofauti hukutana, lakini viini vyake haviungani papo hapo. Vinatembea viwili viwili, vinagawanyika pamoja, mpaka uzi unapofika chini ya uso wa kikombe na kujikunja kama ndoana. Ndani ya mkunjo huo viini viwili huungana hatimaye, na mara hiyohiyo hugawanyika kwa meiosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu, kuwa vinne. Vinne hivyo hugawanyika mara moja zaidi kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa kujinakili. Nane. Kila kimoja hujengewa ganda lake, na kifuko kinavuta maji mpaka shinikizo la ndani linafungua kifuniko kidogo kilicho kwenye ncha, spora zinatoka kwa kishindo. Ascobolus immersus inaweza kurusha zake hadi sentimita 30 na zaidi, masafa makubwa ajabu kwa kitu cha ukubwa ule.

Hesabu hii ya nane iliwahi kutumiwa na Mwafrika ambaye wengi wanamjua kwa siasa tu. Pascal Lissouba, rais wa Kongo-Brazzaville kuanzia 1992 hadi 1997, alikuwa mtaalamu wa jenetiki, sayansi ya urithi, na alifanya utafiti wake Ufaransa pamoja na mwanajenetiki Mfaransa Georges Rizet kwa kutumia Ascobolus immersus. Ukizalishanisha aina yenye spora za kahawia na yenye spora nyeupe, kifuko kinatarajiwa kuwa na nne na nne. Mara chache hutoka sita kwa mbili, maana nakala moja ya jeni imerekebishwa kufuata nyingine. Kazi yao ya 1962 kuhusu muundo wa jeni ilitegemea kuhesabu vifuko vya namna hii. Nilipowasimulia wanafunzi, mmoja akauliza, "Madam, kwa hiyo rais alikuwa anahesabu uyoga wa mavi?" Nikamjibu ndiyo, na ndiyo maana tunamsoma leo.

Kuna wanaonishauri niue utitiri na vijidudu vinavyozunguka ndani ya chupa. Mimi sivigusi. Baadhi ya Ascobolus zina jinsia mbili zinazoota kwenye nyuzi tofauti, na vijichembe vya upande mmoja huhitaji kubebwa kufika upande wa pili. Utitiri hufanya kazi hiyo miguuni mwake. Ni washenga wa chupa nzima, ukiwafukuza unaweza kubaki na nyuzi zisizozaa vikombe.

Jaribio lililowanyamazisha darasani lilikuwa la mwanga. Chupa moja niliifunika kwa karatasi nyeusi, nikaacha kidirisha upande mmoja. Spora zilitapakaa kwenye kioo cha upande wa kidirisha, na kwingine karibu hakuna. Ncha za vifuko hupinda kuelekea mwanga. Kule malishoni kwenye mwanga ndiko kwenye uwazi, na kwenye uwazi ndiko spora itasafiri bila kugonga kitu mpaka inase kwenye jani. Ng'ombe akilila, joto la mwili na mmeng'enyo wa chakula huiamsha spora, nayo inatoka ikiwa tayari imefikishwa kwenye kinyesi itakachoota.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu: usisubiri masika. Kinyesi kikikaushwa kivulini na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi, spora zake hubaki hai kwa muda mrefu. Mimi huandika juu ya bahasha tarehe, mahali na mnyama, kisha nafungua moja na kuilowanisha tunapofika kwenye mada. Sasa hivi kabatini nina za ng'ombe wa Buhongwa na za mbuzi wa Kisesa, na muhula ujao tutaziotesha chupa kwa chupa tuone kama vikombe vyake ni vya aina moja.