Dhambi ya Pascal, machozi ya Equiano

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tumwangalie dogo mmoja, Olaudah Equiano, mtumwa Mwafrika aliyekulia kwenye manowari za Uingereza enzi za meli za matanga, wanapigana na Wafaransa. Mwezi wa nane 1759 meli yao, Namur, iliingia vitani karibu na Lagos (ya Ureno jamani, sio Nigeria) na kazi yake ilikuwa kubeba baruti, anakimbia karibu urefu wote wa meli, mifuko mingine imeoza chini baruti inamwagika, na moto wa kuwashia mizinga uko hapohapo. Mwanzoni alikuwa anavizia, Wafaransa wakishafyatua ndo achomoke, halafu akajiambia siku ya kufa imepangwa kama ya kuzaliwa, woga ukamtoka.

Mwaka huohuo alishabatizwa London. Ungedhani vita ikiisha anaachiwa, kumbe Desemba 1762 bosi wake, afisa Michael Pascal, akamuuza kwa kapteni mwingine, na mshahara wote alishakula yeye, dogo kaambulia peni 6 tu. Akajitetea kwamba amebatizwa na sheria hairuhusu auzwe, kapteni mpya akamjibu unaongea Kiingereza kingi sana wewe.

Sasa hapa ndo nataka tukae. Equiano akiwa analia melini akakumbuka kuwa asubuhi walipofika Deptford, bandari ya karibu na London, aliapa akiingia London atashinda siku nzima anatanua, akaamini Mungu anamwadhibu kwa kile kiapo. Mi hapo namkatalia kabisa, aliyeuza mtu ni Pascal! Ila ndo sisi hao, mtu amekula hela yako ya kikoba au amekufitini kazini ukafukuzwa, badala ya kusema nimedhulumiwa unaanza kupekua maisha yako, labda ile Ijumaa sikufunga, labda sadaka nilipunguza, na watu wa maombi nao wanakuja kukuongezea mzigo. Wanafunzi nao walimuuliza Yesu kwenye Yohana 9, nani katenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake, akawaambia si huyu wala si wazazi.

Equiano alikuja kujinunua 1766 kwa pauni 40, hela ya kudunduliza kwa biashara ndogondogo huko visiwa vya Karibi.

Jumatano kwenye maombi, aliyedhulumiwa aje amwambie Mungu fulani kanifanyia hivi, asianze na nisamehe Bwana.