Nilivyopata jiko linalodumu kwa mama lishe

Jiko la mkaa lenye chungu cha udongo ndani halikuanza kwangu. Lile umbo lenye kiuno lilienea kutoka Kenya miaka ya 1980, likitokana na jiko la ndoo la Thailand. Kiuno kinashikilia chungu, na kitako kipana kinazuia jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali. Kwa hiyo nilipofungua karakana Dar es Salaam sikuhangaika na umbo. Nilichotaka ni chungu kisichopasuka.

Upande wa udongo nilijua pa kuanzia: kuchanganya mchanga na pumba za mpunga, kukausha kivulini taratibu, kuchoma kwa moto unaopanda polepole. Bado vingine vilipasuka. Nikaomba kukaa na mama lishe mmoja tangu anapowasha alfajiri, na hapo nikaona jambo ambalo karakanani lisingeonekana kamwe. Chai ikishaiva, anamwagia makaa maji ili yabaki ya mchana, na chungu bado kina moto mkali.

"Mama, maji ndiyo yanapasua jiko."

"Mwanangu, mkaa ni hela. Niuache uteketee bure?"

Alisema kweli, na sikuona sababu ya kumbadilisha yeye. Tukatengeneza mlango wa hewa unaofunga sawasawa na mfuniko wa bati wa kufunika juu. Makaa yakikosa hewa yanazimika yenyewe, makavu, na mchana yanawashwa tena.

Jambo la pili lilikuwa alama. Kila chungu tunakikwaruza namba ya tanuri kabla hakijakauka. Kikirudi kimepasuka tunajua kilichomwa siku gani na nani alikanda udongo, kisha tunakaa wote kuzungumza. Mafundi nawalipa kwa vyungu vilivyopita ukaguzi. Wanaokagua ni wao wenyewe, na ni wakali kuliko mimi.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla alitaka oda kubwa, mradi nipunguze unene wa chungu ili bei ishuke. Nilikataa. Fedha ile niliihitaji sana, lakini jiko lile lingefika kwa watu walewale waliokwisha kuniamini.

Sasa tunashughulikia jiko la sufuria kubwa kwa wapishi wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Upepo wa bahari unaingia mlangoni na kumaliza mkaa upesi, kwa hiyo tunajaribu mlango wa kuteleza, unaofunguka kidogo kidogo.