Kurasa zilizobanwa kinyume

Jumamosi, saa nne usiku. Miguu inawaka moto, nimezunguka Kariakoo tangu asubuhi, na mezani kuna mafungu mawili ya madodoso ya utafiti wangu wa udaktari, kuhusu kuridhika kwa wateja wa programu za madukani, ambayo yalitakiwa kuwa fungu moja.

Jana jioni nilipeleka dodoso kwenye duka la kutoa kopi jirani na nyumbani. Kurasa nne, kopi sitini. Kijana akatoa, akabana kwa stepla, nikalipa na kuondoka bila kukagua maana nilikuwa nawahi daladala. Leo adhuhuri, kwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo, ndipo nilipojua kilichofanyika.

Mwenye duka ni mama mtu mzima, anatumia programu ya mauzo na stoo kwa mwaka wa tatu sasa. Alinikalisha juu ya jora, akaagiza soda ambayo sikuiomba, akasema, "Haya mwanangu, uliza." Nikauliza. Ukurasa wa tatu ni wa kukwama kwa mfumo: hukwama lini, ulichukua muda gani kurudi, ulipata hasara gani. Hapo mama akaweka kalamu chini akanisimulia jioni ya kuamkia Idi. Foleni imefika mlangoni, mashine haitoi risiti, na huko kwenye kampuni simu inaita mpaka inakata. Wateja wawili wenye jora tano tano wakaenda duka la pili. Alikuwa akisimulia huku mkono wake umeshika ukingo wa meza, kana kwamba foleni bado ipo. Tukafika ukurasa wa nne, swali la jumla: kwa ujumla unaridhika kiasi gani na huduma hii, moja mpaka saba? Akasema, "Tatu. Na hiyo tatu nimewaonea huruma."

Mdogo wake, ambaye ndiye anayekaa kwenye kompyuta kutwa nzima, akachukua zamu yake. Nikafungua dodoso jipya, nikafika ukurasa wa tatu, nakuta wa nne. Swali la jumla limetangulia. Nilishaanza kulisoma, nikaona aibu kusita, nikamaliza. Akajibu upesi bila kuinua macho: "Sita." Kisha nikageuza, na huko ndiko kulikokuwa na maswali ya kukwama. Naye akanisimulia jioni ile ile ya kuamkia Idi, foleni ile ile, hasira ile ile. Alipomaliza akaitazama ile sita niliyoizungushia duara. Nikamuuliza kama anataka kuibadilisha. Akacheka. "Acha tu dada, andika hivyo hivyo."

Nilipokagua mkobani nikakuta karibu nusu ya kopi zimebanwa hivyo.

Nilimtumia msimamizi wangu ujumbe wa sauti, shikamoo Dokta, nikaeleza. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi: marahaba, hizo zilizokosewa zitoe kwenye uchambuzi, Jumatatu uanze upya. Kwa haki kabisa. Lakini nikiwa ndani ya daladala, nimebanwa dirishani, nilianza kukumbuka somo nililolisoma miaka tisa iliyopita nikidhani sitalihitaji tena maishani.

Mimi shahada ya kwanza nilisoma fizikia. Nikaja kuajiriwa kwenye dawati la wateja la kampuni ya programu, na sasa niko kwenye udaktari wa usimamizi wa biashara. Ndugu zangu wameshazoea kuniuliza mimi hasa ni nani. Kwenye pendekezo langu la kwanza nilijaribu kuviunganisha vyote vitatu, na sura ya pili ikajaa maneno kama "mkakati wa kikwanta" (kwanta ni fizikia ya vitu vidogo kama atomi) na "kampuni iliyo katika hali mbili kwa wakati mmoja". Dokta aliisoma, akanirudishia na jina moja tu pembeni kwa kalamu nyekundu: Sokal. Alan Sokal ni mwanafizikia ambaye mwaka 1996 aliliandikia jarida la Social Text makala ya upuuzi mtupu, iliyopambwa kwa maneno ya kwanta, nao wakaichapisha. Nilielewa. Sura nikaifuta yote, kurasa kumi na nane, na kwa mwaka mzima fizikia haikukanyaga tena kwenye tasnifu yangu.

Leo imerudi kupitia stepla.

Mwaka 1922 mjini Frankfurt, Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomi za madini ya fedha katikati ya sumaku ambayo nguvu yake haikulingana juu na chini. Kwa fizikia ya zamani zilipaswa kutapakaa mstari mzima. Zikagawanyika mafungu mawili tu. (Husimuliwa kwamba alama haikuonekana kwenye kioo mpaka Stern alipokisogelea, na salfa ya zile sigara zake za bei chee, ikitoka na pumzi, ikaigeuza fedha kuwa nyeusi. Mwalimu wetu aliipenda sana hadithi hiyo. Naye alikuwa mvutaji.) Darasani tuliongezewa hatua mbili. Chukua atomi zilizokwenda juu peke yake, zipitishe kwenye sumaku iliyolazwa ubavu: zinagawanyika kushoto na kulia. Sasa chukua za kushoto, zirudishe kwenye sumaku iliyosimama kama ile ya kwanza. Ungetegemea zote ziende juu, si ndizo zile zilizokwisha kwenda juu? Nusu zinakwenda juu, nusu chini. Kipimo cha kati kimelifuta jibu la kwanza. Kuuliza juu-chini kisha kushoto-kulia si sawa na kuuliza kushoto-kulia kisha juu-chini, na hakuna hila ya maabara inayoweza kuifanya iwe sawa.

Mama hakuwa atomi, najua. Na watu wawili si sampuli, pengine mdogo mtu ana moyo mwepesi tu. Lakini nilipofika nyumbani niliichimbua makala ya mwaka 2014 ya watafiti Zheng Wang, Jerome Busemeyer na wenzao, kuhusu mpangilio wa maswali, niliyoipakua zamani nisiisome. Wanaanzia kwenye kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1997. Wamarekani waliulizwa kama Rais Bill Clinton ni mwaminifu, kisha kama makamu wake Al Gore ni mwaminifu. Wengine wakaulizwa Gore kwanza. Clinton akiulizwa wa kwanza alipata asilimia 50, akija baada ya Gore 57. Gore akitangulia alipata 68, akimfuata Clinton 60. Taifa lile lile, kura ile ile: kila mmoja akiwa wa kwanza kuulizwa pengo lao ni 18, kila mmoja akiwa wa pili ni 3.

Kwamba mpangilio wa maswali hubadilisha majibu, kila mtafiti wa dodoso analijua na kulichukulia kama vumbi la kupanguswa. Hawa wakachukua hesabu za kwanta, hesabu tu bila atomi, zikawapa utabiri: ukijumlisha waliosema ndiyo kwa yote mawili na waliosema hapana kwa yote mawili, jumla hiyo isibadilike hata ukigeuza mpangilio. Wakaupima kwenye tafiti 70 za kitaifa za Marekani. Ukasimama vizuri. Hawakudai kwamba ubongo ni mashine ya kwanta, na hapo ndipo nilipowaamini. Walichosema ni kwamba jibu huenda halikai kichwani likisubiri kuchotwa, huundwa pale linapoulizwa.

Dodoso langu mimi limetoka kwa watafiti Parasuraman, Zeithaml na Berry, mwaka 1988: sentensi 22, nguzo tano za ubora wa huduma, kila sentensi huulizwa mara mbili, ulichotarajia na ulichopata, kisha unatoa ili upate pengo. Cronin na Taylor mwaka 1992 walisema matarajio yaachwe, yapimwe yaliyopatikana tu. Mimi niliwafuata hao wawili kwa sababu ya kivivu kabisa: mwenye duka la Kariakoo hana subira ya sentensi 44. Kuzitafsiri tu kulinitoa jasho. Kuna sentensi ya unadhifu wa wafanyakazi. Mama akaniuliza, "Wafanyakazi gani, yule wa kwenye simu?" Na toleo la 1988 lilikuwa na sentensi tisa za kukanusha. Msomee mtu "hawakuambii tatizo litakwisha lini", akijibu "ndiyo" je, ni ndiyo hawaniambii, au ndiyo wananiambia? Kwa Kiswahili changu ni ya kwanza. Lakini nimekaa na watu watatu leo ambao kwao ilikuwa ya pili, na mmoja alikuwa anakunja uso kunishangaa mimi.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba nimeshawahi kuona nambari hii ya kuridhika ikifanya kazi. Nilipokuwa dawati la wateja, kila tatizo lilipofungwa mfumo ulimtumia mteja maswali mawili: je, tatizo lako limetatuliwa? Kisha: unaridhika kiasi gani na kampuni yetu? Kwa mpangilio huo. Mteja ambaye tatizo lake lilikuwa halijafungwa hakuulizwa kitu. Alama zikapanda robo baada ya robo, zikaingia kwenye slaidi za mkakati, na wakubwa wakahitimisha kwamba huduma si tatizo tena, fedha ziende kwenye vipengele vipya. Zamu ya usiku ikafutwa. Dada aliyekuwa anaijua sauti ya kila mteja, na anajua duka lipi hufunga mahesabu saa sita usiku, akaondoka. Jay Barney, msomi wa mkakati wa biashara, aliandika mwaka 1991 kwamba kinachoipa kampuni nguvu ya kudumu ni rasilimali yenye thamani, adimu, ngumu kuigwa na isiyo na mbadala. Darasani hutolewa mifano ya hataza na migodi. Mimi humuona yule dada akiwa na vifaa vyake vya kichwani na chupa ya chai.

Mkataba wetu, halafu, uliahidi kuwa mfumo utakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda. Piga hesabu, ni dakika 43 za kukwama kwa mwezi wa siku 30, na mara nyingi hatukuzivuka. Ila dakika 43 za saa tisa alfajiri na dakika 43 za kuamkia Idi kwenye mkataba ni kitu kimoja. Na wateja hawakuhama, maana bidhaa zao zote na madeni yao yote yamo ndani ya programu ile. Gharama za kuhama, kwa lugha ya Michael Porter, msomi mwingine wa mkakati. Kuhama hawakuhama. Wakubwa waliliita hilo uaminifu.

Basi nimeamua nitamwandikia Dokta kesho. Sitaomba kuzihesabu kopi za leo, hizo ziende zao. Nitaomba mpangilio uwe sehemu ya utafiti: nusu hivi, nusu vile, nani apate ipi iamuliwe kwa kurusha shilingi kila ninapoingia dukani. Nitaongeza maswali mawili ya ndiyo au hapana, kwa sababu ule utabiri wa jumla hauwezi kupimwa kwa ngazi saba. Sura moja fupi. Neno kwanta litokee mara mbili tatu, na kila likitokea liwe na kazi.

Saa moja jioni nilipita pale kwenye duka la kopi. Kijana aliponiona na mkoba akajua, akaanza kuomba radhi kabla sijasalimia, akavuta stepla, "Nipe dada nizibane upya, bure." Nikamwambia asihangaike na hizo, nataka nyingine sitini za Jumatatu: thelathini zibane sawasawa, thelathini ukurasa wa nne utangulie wa tatu. Akazigeuza zile mbovu mkononi, akanitazama.

"Dada, lakini si ndivyo zilivyokosewa?"