Kumwaga oili mwenyewe ukiwa Nairobi: anza na kitabu cha gari

Kila Mbongo anayehamia Nairobi akinunua gari lake la kwanza huku, mara nyingi Toyota Fielder au Probox au Vitz iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani, haichukui muda ananitafuta, sista nasikia unamwaga oili mwenyewe, unaweka ipi na filta unanunua wapi? Leo naandika kwa wote maana jibu haliingii kwenye meseji moja, na ukilikata nusu mtu anaweza kuua injini.

Kwanza mjue kwa nini nafanya mwenyewe. Nyumbani Tanga sikuwahi kufikiria habari za oili, gari ya baba ilikuwa inaenda kwa mjomba, mjomba anaijua tangu ilipofika, anajua iliwekwa nini mara ya mwisho, na ikipata shida lawama zinaishia kwake sebuleni mbele ya shangazi. Nairobi huna mjomba. Una fundi uliyeelekezwa na jirani, naye jirani kaelekezwa na mtu wa kazini. Mafundi wazuri wapo tena wengi, huu mji una watu wenye mikono ya ajabu, ila wewe kwake ni mteja mmoja kati ya waliopanga foleni siku hiyo na kopo la oili limefunguliwa ukiwa umeenda kunywa chai. Ukikaa ugenini kuna vitu inabidi uvijue mwenyewe, na hiki ni kimojawapo.

Sasa ukienda Kirinyaga Road, ile wengi bado wanaiita Grogan, hujamaliza hata kufunga mlango wa gari umeshaulizwa unatafuta nini. Ukisema oili ya Fielder, wengi watakwambia madam weka 20W-50, hii Nairobi ni jua na jam, oili nyepesi itaisha. Na nyumbani nako ni hivyo hivyo, kaka yangu aliniambia kwa simu weka nzito, nzito ndio inakaa. Hawana nia mbaya. Magari waliyojifunzia ya zamani yalikuwa yanataka oili nzito kweli. Ila injini iliyo ndani ya Fielder yako sio hiyo, na tatizo linaanzia hapo.

Zile namba maana yake ni hii. Ya kwanza, yenye W baada yake, inasema oili inafanyaje ikiwa baridi, yaani pale unapowasha asubuhi, na ikiwa ndogo oili inakimbia haraka zaidi kwenye baridi. Ya pili inasema oili inabaki na uzito gani ikishapata moto wa nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-30 na 20W-50 zimepishana pande zote mbili. Watu wanadhani kwa kuwa Nairobi haigandi barafu basi namba ya kwanza haina kazi huku, lakini njoo mwezi wa saba asubuhi, nje nyuzi 11 au 12, injini imelala usiku kucha, oili yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Pampu inatakiwa iivute ipande mpaka juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Hapo 20W-50 ni kama uji ulioachwa mpaka asubuhi, inafika, lakini inachelewa, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini inatokea hapo hapo kwenye kuwaka, sio ukiwa umekwama Mombasa Road.

Na hilo la jua nalo lina jibu. Injini ina thamostati. Inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, maji yanazunguka kwenye rejeta, feni inasaidia, na kama mfumo mzima uko sawa joto la injini linakaa karibu pale pale uwe Limuru kwenye ukungu au Dar mwezi wa pili. Jua la nje halifiki kwenye pistoni kwa namna tunayofikiria. Gari ikichemka kwenye jam katazame rejeta, feni na maji, oili nzito haitaiponya.

Kuna la tatu ambalo sijawahi kusikia muuzaji akilisema. Hizi injini za Toyota zenye VVT-i, kama ya Fielder yako, zinatumia presha ya oili yenyewe kusogeza taimingi ya kamshafti, oili inapita kwenye valvu ndogo na kijichujio cha wavu mwembamba kabisa. Wahandisi walipima njia zile kwa oili ya uzito fulani. Ukiweka nzito kupita kiasi mfumo unajibu kwa uvivu, gari inapoteza wepesi na inakunywa mafuta zaidi, halafu unaanza kubadilisha plagi ambazo hazina kosa.

Kwa hiyo fungua kitabu cha gari. Najua kimeandikwa Kijapani, ila namba zinasomeka, tafuta palipoandikwa 5W-30 au 0W-20, na wakati mwingine imeandikwa kwenye kifuniko cha oili chenyewe. Kwa Fielder, Probox na Axio za 1500 zenye injini ya 1NZ-FE mi naweka 5W-30. Ukikosa kabisa 10W-30 inafaa kwa hali ya hewa ya huku. Gari ambayo imeshachoka, inakula oili na kutoa moshi wa bluu, fundi anaweza kukuwekea yenye namba ya pili 40 ili isile haraka na sitabishana naye sana, ila mjue hapo hamjatibu kitu, ringi za pistoni zimechoka na zitabaki zimechoka.

Kwenye kopo tazama pia herufi za API, kiwango cha ubora wa oili cha Wamarekani. Injini ya petroli inaanza na S na herufi inayofuata inaonyesha kizazi, SN ni ya 2010, SP ilianza 2020, na mpya inaweza kutumika kwenye gari ya zamani bila shida. Mi napenda SP kwa sababu ilikuja na kipimo cha kulika kwa cheni ya taimingi, na 1NZ ni ya cheni. Ukiona kopo limeandikwa SF au SG rudisha lilipokuwa hata kama picha ya nje ni ya gari la mashindano. Zinazoanza na C, CI-4, CK-4, ni za dizeli, na za pikipiki zina alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, kwa hiyo usibebe ya bodaboda ukaweka kwenye gari kisa imebaki.

Haya, filta. Hapa ndipo watu wanaponiudhi kidogo, mtu ananunua oili ya sintetiki ya bei juu halafu filta anachukua ya bei rahisi kuliko sahani ya pilau. Nina jirani, mzee mmoja wa Machakos alistaafu kazi ya reli, ana kiwanja Ruai na ndiko ninakofanyia kazi maana kwenye ploti yetu keateka, yaani msimamizi wa nyumba, haruhusu mtu kulala chini ya gari pakingi. Mi humpa shikamoo yake kamili kila nikifika na anaipenda sana. Siku moja akasema lete hizo filta zako kuukuu mbili, moja ilikuwa orijino ya Toyota na nyingine iliyokuja na gari nilipolinunua, box lake lilikuwa bado kwenye buti na linafanana na la orijino kwa kila kitu. Akazibana kwenye vaisi, akachukua msumeno wa chuma akazikata taratibu ukingoni. Ya orijino ndani karatasi imekunjwa kunjwa imebanana, mikunjo sawa sawa, na kuna mpira laini unaoziba matundu kwa ndani. Ile nyingine mikunjo unaihesabu kwa vidole, imelala upande mmoja, gundi imeachia, na mpira umekauka mgumu. Mzee akaishika kwenye mwanga akaniuliza, "Mama, sasa hapa oili ilikuwa inachujwa na nini?"

Ule mpira una kazi yake. Unazuia oili iliyo ndani ya filta isirudi kwenye sampu gari ikizimwa. Ukiwa umekufa, asubuhi unapowasha unasikia injini inagongagonga sekunde chache kisha inatulia, ni kwamba inasubiri filta ijae upya. Halafu ndani kuna valvu ya kupitisha, karatasi ikiziba au oili ikiwa nzito mno wakati wa baridi inafunguka ili injini isikose oili, na inayopita hapo haijachujwa kabisa. Mnaona sasa oili nzito na filta mbovu zinavyosaidiana kuharibu.

Namba ya filta ya Toyota kwa 1NZ ni 90915-YZZE1, kwenye magari yaliyotoka Japani unaweza kukuta 90915-10003, zote zinakaa. Andika kwenye simu, usiombe tu filta ya Fielder, maana Fielder ya 1800 yenye 2ZR inatumia filta ya karatasi tupu inayoingia kwenye nyumba yake, ni kitu kingine kabisa.

Kununua mi nanunua oili kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenyewe au kwa wakala wake wanaotoa risiti ya maana, na filta kwa wakala wa Toyota au duka ambalo nimeshalizoea. Feki zipo, Kenya hata ina sheria ya bidhaa bandia ya 2008 na mamlaka yake, na bado zipo. Kagua kama kifuniko kina pete ambayo haijavunjwa na namba ya toleo imechapwa vizuri haifutiki kwa kidole. Oili ya kupimiwa kwenye pipa usiguse, hujui imechanganywa na nini. Na jamani, kopo likiisha likate kwa kisu kabla hujalitupa. Kuna watu wanakusanya makopo safi yenye stika nzuri na hayaendi kuhifadhia maji.

Kazi yenyewe sio ngumu, pasha injini dakika chache, simamisha pa tambarare, ukipandisha kwa jeki weka stendi, kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Bolti ya kumwagia ni ya spana 14. Lakini kabla hujailegeza hakikisha ni ya injini, maana Fielder na Axio nyingi za otomatiki zina giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia, nayo ina bolti yake chini hapo hapo, na kuna watu wamemwaga oili ya giaboksi wakadhani wamemaliza, wakaongeza oili mpya juu ya ile chafu, wakaondoka na giaboksi kavu. Oili ya injini iliyotumika inatoka nyeusi au kahawia na nyembamba. Ikitoka yenye wekundu na safi rudisha bolti haraka. Washa ya bolti, ile pete inayokaa chini yake, weka mpya, ni ya bei ndogo mno kuiacha ikavuja.

Ukitoa filta tazama kama mpira wake wa nje umetoka nayo. Wakati mwingine unabaki umenata kwenye injini, ukifunga filta mpya juu yake mipira inakuwa miwili na oili yote itatoka barabarani. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, basi, spana haihitajiki hapo.

Kopo ni lita 4, injini ya 1NZ ukibadilisha na filta inataka 3.7. Fundi wa haraka anamimina lote. Ikizidi sana krankishafti, shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni, inaipiga oili inatoa povu, na povu halilainishi. Mimina tatu na nusu, washa dakika moja, zima, subiri itulie, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo.

Ile nyeusi weka kwenye kidumu cha mafuta ya kupikia kilichoisha uipeleke gereji wanaokusanya. Usimwage kwenye mtaro, mitaro ya huku inaishia Ngong River na Nairobi River na kuna watu wanalima sukuma kando yake.

Kuhusu muda, Toyota wenyewe Japani wanasema kilomita 15,000 au mwaka, na kwa matumizi magumu nusu yake. Jam ya kila siku, safari fupi na vumbi la Ruai ni matumizi magumu, kwa hiyo kwa sintetiki mi sivuki 7,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, na ya kawaida 5,000. Filta ya hewa naikung'uta na kuikagua kila nikimwaga oili, ukiishi Utawala au Kamulu huwezi kuisubirisha.

Wenye Aqua na Fielder haibridi, yenu ni 0W-20, msikubali kubadilishiwa. Mazda Demio mpya za petroli vile vile, na wale wa Demio ya dizeli mnahitaji oili ya majivu kidogo yenye alama ya DL-1, ukikosea chujio la moshi linaziba na bei yake mtalia. Gari nyingine sitajibu kwa kukisia, fungua boneti piga picha kile kibati chenye herufi na namba za modeli na namba ya injini, nitumie hiyo kwanza.