Kumbukumbu ya mradi: seli za neva zisizo na ramani

Kwa anayeingia sasa: ninaandika programu ndogo inayoiga safari ya seli changa za neva ndani ya kiinitete, namna zinavyogawana kazi na zinavyoungana. Nimejiwekea sharti moja gumu: seli isijue iko wapi. Isome kile tu kinachoigusa, ikumbuke kidogo, basi. Mchoro wa ubongo haumo popote kwenye kodi ya programu.

Tabaka za gamba la ubongo: zimekamilika

Seli hizi huzaliwa ndani kabisa, kando ya uwazi wenye majimaji, kisha hupanda kuelekea nje zikiwa zimekumbatia nyuzi ndefu za seli za glia, yaani seli saidizi za neva. Pasko Rakic ndiye aliyeonyesha upandaji huo kwa undani miaka ya 1970 mwanzoni, akichunguza ubongo wa vijusi vya nyani. Kinachonipendeza zaidi ni mpangilio wake: waliotangulia hukaa chini, wanaozaliwa baadaye huwapita katikati na kwenda kukaa juu yao.

Nilidhani hili lingedai hesabu nzito. Halikudai. Kila seli inapanda hadi ikutane na protini iitwayo relini, inayomwagwa na seli zilizo karibu na uso wa juu, kisha inaachia uzi. Nikizima relini, mpangilio unapinduka: wakubwa wanabaki juu, wadogo wanakwama chini yao. Ndivyo ilivyo kwa panya wanaoyumba wanapotembea, ambao jeni yao mbovu ilitambuliwa mwaka 1995. Kuona kasoro ileile ikijitokeza kwenye skrini bila kuiandikia kodi kulinifurahisha kuliko toleo zima.

Si seli zote zinazopanda, lakini. Nyingi za zile zinazotuliza seli wenzao hutoka eneo jingine kabisa na kukata njia ubavuni. Hizo bado. Na wapo wasafiri wa ajabu kuliko wote: seli zinazoongoza homoni za uzazi, ambazo huanzia puani ndipo ziingie kwenye ubongo. Safari hiyo ikikwama, mtu anaweza kukua bila uwezo wa kunusa na asibalehe.

Aina za seli: nusu

Kwenye uti wa mgongo mambo ni mepesi kuiga. Protini inatoka upande wa chini, inapungua kadiri unavyopanda, na kiwango ambacho seli imekipokea kinaamua itakuwa nini. Za kuendesha misuli hutokea karibu na chini. Ugumu uko kwa seli za kishungi cha neva, zinazotawanyika mwili mzima. Nicole Le Douarin alipandikiza seli za kware kwenye viinitete vya kuku, kwa kuwa kiini cha seli ya kware hutambulika kwa darubini. Seli nyingi alizozihamisha zilichukua kazi ya mahali zilikopelekwa, si ya zilikotoka. Kwa hiyo nimeondoa kwenye kodi yangu kigezo cha asili. Kilichobaki ni ujirani.

Kuvuka mstari wa kati: hapa ndipo muda wangu ulipoishia

Seli ikishatulia hutoa aksoni, uzi mrefu wa kupeleka ishara, na kwenye ncha yake kuna kiganja chenye vidole vyembamba vinavyochomoza na kurudi. Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890 kutoka kwenye tishu zilizokufa na kutiwa rangi, akaamini kwamba ni kitu kinachotembea. Mwaka 1907 Ross Harrison aliona uzi wa neva wa kiinitete cha chura ukirefuka, hai, kwenye tone la limfu.

Kwenye programu yangu kila kidole kinapima netrini, protini inayovuta aksoni, na ncha inageukia inakozidi. Netrini imejaa mstari wa kati wa uti wa mgongo, unaotenga kushoto na kulia, hivyo aksoni zote zinakwenda huko vizuri, zinafika, zinarundikana palepale. Kwa nini zitoke, wakati utamu wote uko hapo?

Mwili una ujanja. Mstari huohuo wa kati hutoa pia Slit, protini inayofukuza. Aksoni ambayo haijavuka huwa na Robo3, protini inayoizuia isihisi Slit. Ikishavuka, Robo3 hupungua, Robo1, kipokezi kinachohisi Slit, hupanda juu ya ncha, mvuto wa netrini hunyamazishwa, na pale palipokuwa panavuta panakuwa pa kukimbia. Kwenye kodi ni kigezo kimoja tu kinachogeuka ncha inapogusa mstari. Nilipokiweka, aksoni zilivuka mara moja na hazikurudi. Nikiondoa Robo1, zinazungukazunguka katikati, kama ilivyoonekana kwa nzi wa matunda. Kwa binadamu waliozaliwa na ROBO3 isiyofanya kazi, macho hushindwa kwenda kulia na kushoto, na uti wa mgongo hupinda.

Miunganisho: inaanza

Roger Sperry alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akaiacha neva ikue upya. Nyuzi zilirudi sehemu zao za zamani, na chura akawa anaruka chini kumfuata nzi aliye juu. Nimeiga hilo kwa viwango vya efrini, protini zinazosukuma nyuzi zisiendelee: nyuzi zenye vipokezi vingi zinasimama mapema, zenye vichache zinaendelea mbele. Picha inatoka, ingawa kingo zake zina ukungu.

Kinachofuata ni upunguzaji. Katika makundi mengi ya neva, takriban nusu ya seli zilizozaliwa hufa, nyingi zikiwa zimekosa protini za uhai zinazotolewa kwa uchache na tishu zinazolengwa. Ya kwanza kujulikana ndiyo iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. Nimeshaandika sehemu ya kugawa protini hizo. Bado haiui seli yoyote, kwa sababu mgao wangu ni mkubwa mno. Toleo lijalo litaanza kwa kuubana.